Oili ya Motokaa Kuukuu

Juma hili tuache kidogo habari za jembe na jiko, tuseme habari za oili. Huku kwetu Didia na vijiji vya jirani motokaa ni chache, na nyingi kati ya hizo ni kuukuu: Land Rover za miaka ya 1970, Land Cruiser za dizeli zilizokwisha kupita mikononi mwa watu watatu wanne, malori ya kuchukulia pamba na mpunga. Lakini ndizo zinazompeleka Shinyanga usiku mama mwenye uchungu, na ndizo zinazompeleka padre kigangoni. Ikifa injini ya gari moja, kijiji kizima chajua, na kuifufua ni thamani ya ng'ombe, tena si mmoja.

Kila mwenye gari kuukuu amekwisha kupewa shauri hili: "Gari lako limezeeka, linatoa moshi, tia oili nzito." Shauri hili lina ukweli kidogo na hasara nyingi.

Namba zilizoandikwa juu ya kopo, kama 15W-40 au 20W-50, hupima uzito. Oili ni kama uji: ukiwa wa moto huwa mwepesi, ukipoa hushikana. Namba ya mwisho, 40 au 50, yaonyesha uzito injini ikiwa imekwisha kupata moto. Namba ya mbele, yenye W, yahusu baridi. Huko Ulaya penye theluji hilo ni jambo kubwa. Kwetu Usukumani, hata alfajiri ya mwezi wa saba watu wanapoota moto, hatuifikii baridi ya kugandisha maji. Kwa hiyo 15W na 20W zote zatosha, na hakuna haja ya kutoa fedha nyingi kununua 0W kwa gari la namna hii.

Basi tazama kitabu cha gari. Land Rover nyingi za petroli za zamani hupatana na 20W-50, na Land Cruiser nyingi za dizeli hufanya kazi vizuri kwa 15W-40. Ikiwa kitabu kinaruhusu namba mbili kwa nchi za joto, na injini imechakaa, chagua ile ya juu. Ukweli wa shauri lile waishia hapo. Oili nzito mno huchelewa kupanda asubuhi, na vyuma vya juu husuguana vikavu katika dakika ile ile ya kwanza. Wala moshi haukomi. Moshi wa bluu maana yake oili inaungua ndani ya silinda, kwa sababu ringi za pistoni au sili za valvu zimekwisha. Oili nzito itaupunguza kwa siku chache, lakini haileti ringi mpya.

Wako wanaofanya vibaya zaidi: hutia oili ya giaboksi, kwa kuwa imeandikwa 90, wakidhani ni nzito mara mbili kuliko 40. Sivyo. Oili ya gia ina kipimo chake, na 90 hiyo uzito wake ni karibu sawa na 40 au 50 ya injini. Ni kama kulinganisha maili na kilometa kwa kutazama tarakimu tu. Uzito uliotafutwa haupatikani, na dawa zilizomo ni kwa ajili ya meno ya gia, si kwa masizi ya injini.

Sasa herufi. Watu hawazitazami, nami naona ni kubwa kuliko namba. Nyuma ya kopo pameandikwa API, kisha herufi mbili. Zikianza na S ni oili ya petroli, zikianza na C ni ya dizeli, na makopo mengine yana zote. Kadiri herufi ya pili inavyokwenda mbele katika alfabeti, ndivyo oili ilivyo ya siku za karibu. SA haina dawa yo yote ya kulinda vyuma, na haifai kwa injini nyingi zilizotengenezwa baada ya 1930! SB mwisho wake ni injini za 1951. Mtu akikuuzia SA kwa Land Rover ya 1975, akisema gari la zamani lataka oili ya zamani, mkatalie. SF inafaa kwa injini za mpaka 1988, na zilizo mbele yake zaweza kushika nafasi yake. Kwa dizeli, CD ni ya injini za mpaka 1994. CH-4 au CI-4 yaweza kutumika mahali pake, nayo hustahimili masizi zaidi. Oili ya dizeli ikigeuka nyeusi mapema usishtuke, maana inabeba masizi kama ilivyotumwa. Rangi ya kuogopa ni ile ya chai ya maziwa. Hapo maji yameingia, usiwashe tena mpaka fundi aione.

Wenye mashine za kusaga wataniuliza juu ya Lister ya zamani, ile ya magurudumu mawili mazito inayozunguka mara 650 kwa dakika. Hiyo ni habari nyingine. Haina filta ya oili, na wazee waliitilia oili ya namba moja isiyo na dawa ya kusafisha, ili uchafu utulie chini badala ya kuelea na kurudi kwenye vyuma. Walikuwa na sababu. Ila kanuni hiyo isihamishwe kwenye motokaa yenye filta.

Mwisho, mnunuapo, tazameni kifuniko kama hakijafunguliwa, na alama ya TBS, maana wako wanaochuja oili iliyokwisha kutumika na kuijaza tena katika makopo mazuri. Dumu likiisha, litoboe. Usimpe mtoto achotee maji, hata likioshwa kwa sabuni mara tatu. Oili chafu usiimwage karibu na kisima. Iweke kando, wengi huipaka nguzo za ua kwa ajili ya mchwa, kisha wanawe mikono vizuri.