Chungu cha Dola na Haki ya Kuuliza

Wanafunzi wangu huniuliza mara kwa mara udikteta huanzia wapi. Wengi hutarajia nitaje katiba, jeshi au magazeti yaliyofungiwa. Siku hizi huwaambia waanze kwa kuchungulia jikoni: nani anaamua kinachoingia chunguni, na je, mlaji anaruhusiwa kuuliza?

Fikra hiyo ilinijia nchini Kambodia, katika mji wa Siem Reap, kwenye mgahawa mdogo wa familia unaopika vyakula vya Kikhmer na vya Kihindi. Kwa miaka kadhaa sasa sili nyama, samaki, mayai wala maziwa. Walaji wa namna hii huitwa vegani. Kwa mtu kama mimi, mapishi hayo mawili yana mitego tofauti. Mpishi wa Kikhmer hutegemea tui la nazi, mchaichai na manjano, wala hana haja kubwa na maziwa ya ng'ombe. Lakini michuzi yake mingi hutiwa maji ya samaki yaliyochachushwa, au prahok, yaani samaki waliopondwa na kuvundikwa kwa chumvi. Mhindi asiyekula nyama hagusi samaki, ila dengu zake huungwa kwa samli, na mtindi haukosekani. Kusema tu "sili nyama" hakutoshi kwa yeyote kati yao. Lazima uulize, na lazima awepo wa kukujibu.

Pale alikuwepo. Kijana aliyeandika agizo langu, mtoto wa mpishi, aliniuliza kama hata samli siitaki, na kama hata maji ya samaki yaachwe. Aliingia jikoni, akarudi na jawabu: dengu zitaungwa kwa mafuta ya mimea, na amok, kitoweo chao cha tui kinachopikwa kwa mvuke, kitatiwa tofu na uyoga badala ya samaki, na chumvi ya kawaida. Mashauriano yale hayakuzidi dakika tano.

Katika nchi nyingine ningeuita ukarimu wa kibiashara, nikalipa na kwenda zangu. Kambodia ina historia inayonizuia. Tarehe 17 Aprili 1975 Khmer Rouge waliingia Phnom Penh na kuwafukuza wakazi wake kwenda mashambani. Walifuta fedha na kufunga masoko. Hatua kwa hatua wakakusanya hata vyungu na sufuria za watu, na kula nyumbani na familia kukawa kosa. Kila mmoja alipaswa kula katika bwalo la pamoja kile alichogawiwa, na mara nyingi kilikuwa uji mwepesi wa mchele. Aliyeokota chakula porini kwa siri aliweza kuadhibiwa, hata kuuawa. Hadi utawala ule ulipoanguka mwezi Januari 1979, inakadiriwa kuwa watu kati ya milioni 1.5 na milioni 2 walikuwa wamekufa kwa njaa, maradhi, kazi za kukomoa na mauaji.

Wacham, Waislamu wa nchi ile, walilazimishwa kula nguruwe. Jambo hilo ni sehemu ya ushahidi uliozingatiwa na mahakama maalumu iliyoundwa kwa ushirikiano na Umoja wa Mataifa, ambayo tarehe 16 Novemba 2018 ilimtia hatiani Nuon Chea kwa mauaji ya kimbari dhidi yao. Waliotaka kuwafuta Wacham walijua kuwa imani ya mtu imo pia katika sahani yake.

Wapo watakaosema kuchagua chakula ni anasa ya walioshiba. Hoja hiyo ina uzito: mwenye njaa hutaka kwanza kushiba. Hata hivyo, Kambodia yatuonyesha kuwa waliopokonywa uchaguzi ndio hao hao waliopokonywa mchele. Dola iliyowanyima watu haki ya kuuliza kuhusu chungu haikulazimika tena kueleza kwa nini chungu ni kitupu.

Nasi Tanzania hatuko salama kiasi cha kuyapuuza haya. Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, mzozo wa nani achinje mnyama uligharimu maisha ya mtu. Jambo ambalo majirani walikuwa wakilimaliza kwa kuulizana liligeuka kuwa la mapanga, kwa sababu kuulizana kulikoma na kushurutishana kukaanza.

Ndugu zangu mlio katika utumishi wa umma, serikali nayo ni mpishi. Inawapikia wanafunzi wa bweni, wagonjwa, mahabusu na washiriki wa warsha zetu zisizokwisha. Anayekula kwenye mgahawa asiporidhika huondoka. Mahabusu hana pa kwenda. Kwa hiyo naomba mambo matatu. Mlaji aulizwe asichokula kabla ya chakula kupikwa. Aambiwe kwa ukweli kilichomo, pamoja na mafuta na supu iliyotumika. Na kila jiko la umma liwe na chungu kimoja cha mimea mitupu: maharage, kunde, mchicha, vilivyoungwa kwa nazi au karanga. Chungu hicho kwa kawaida huwa na gharama ndogo kuliko cha nyama, na Mwislamu, Msabato, Mhindu na mimi tunaweza kukaa mezani pamoja tukakichota bila yeyote kusaliti dhamiri yake.

Familia ile ya Siem Reap iliyaweza haya kwa jiko dogo na bila waraka wowote. Sisi tuna wizara, bajeti na wazabuni. Tutakuwa na udhuru gani?