Taa "ya Japani Yenyewe" Ndiyo Inayotupofusha

Anayetaka kuuza taa ya gari haraka pale Bel-Air, Lubumbashi, hahitaji maneno mengi. Anasema tu: hii ni ya Japani yenyewe. Mabishano yanakufa hapo. Taa mpya ya Taiwan, ingali ndani ya boksi lake, inasukumwa pembeni kwa dharau ("hiyo ni kopi, Papa, utarudi hapa mwezi ujao"), na mnunuzi anahesabu dola zake kulipia taa iliyong'olewa kwenye Toyota iliyozeeka barabara za Nagoya au Osaka. Anaondoka akijiona mjanja.

Mimi nasema hajanunua ujanja, amenunua hatari. Imani kwamba taa halisi ya Japani ni bora daima kuliko ya kuigwa ni uongo tunaorithishana, na Lubumbashi ni mmoja wa miji ambako uongo huo unaumiza zaidi.

Sababu si ngumu. Wajapani huendesha upande wa kushoto wa barabara. Sisi huendesha upande wa kulia, kama Wabelgiji waliouchora mji huu mwaka 1910 na kuuita Élisabethville. Kila mtu anajua hivyo kuhusu usukani. Tumezoea kumwona dereva amekaa upande wa mtaro, akinyoosha shingo ili aone kama anaweza kulipita lori. Tunalicheka jambo hilo, tunalivumilia, maana magari hayo yametufikia kwa bei tunayoiweza: meli hadi Dar es Salaam, kisha Tunduma, Zambia yote, Kasumbalesa, nyumbani. Ila hatufikirii kwamba gari lililojengwa kwa upande wa kushoto halijajengwa hivyo kwenye usukani peke yake. Taa zake nazo zimejengwa kwa upande huo.

Washa mwanga mfupi, ule unaotumia unapopishana na mwenzako. Mwanga huo hautoki kama ndoo ya maji iliyomwagwa. Una mpaka juu, na mpaka huo haulingani pande zote mbili. Upande wanakotokea wanaokuja, mpaka umelala chini ili usiwachome macho. Upande wa pili, ule wa ukingo wa barabara, unapanda kama mteremko mdogo, nyuzi 15 hivi katika taa nyingi za kawaida, ili umulike mbali zaidi palipo na waenda kwa miguu, vibao na mashimo. Mhandisi amegawa mwanga kwa akili: kidogo kwa dereva mwenzako, mwingi kwa anayetembea pembeni.

Sasa lichukue gari la Nagoya ulilete kwetu. Mteremko ule unapanda kushoto, na kushoto kwetu ndiko anakotokea dereva mwingine. Ile sehemu kali ya mwanga, iliyopangiwa ukingo, inaingia machoni mwake. Kulia, kwenye ukingo wetu halisi, mwanga umelala chini umbali mfupi mbele ya gari. Na nani yuko kwenye ukingo ule? Mama anayerudi sokoni, wanafunzi, na yule mwanamume anayesukuma baiskeli yenye magunia ya makaa yaliyopanda kumzidi kimo, ametoka porini usiku ili afike mjini alfajiri. Baiskeli yake haina taa wala kiakisi. Alikuwa anategemea taa zako. Taa zako zimemruka zikaenda kumpofusha mwenye lori.

Ndiyo maana ninakasirika nikisikia "ya Japani yenyewe" ikitamkwa kama baraka. Kadiri taa ile ilivyotengenezwa kwa ustadi, ndivyo inavyofanya kosa hili kwa ustadi. Koito na Stanley ni viwanda vya kuheshimiwa. Kazi yao imefuata barabara za kwao barabara kabisa. Hawakuahidi chochote kuhusu barabara ya Kasumbalesa.

Wako watakaosema nakuza jambo dogo. Wawaulize Waswidi. Tarehe 3 Septemba 1967 Uswidi ilihama kutoka kuendesha kushoto kwenda kulia. Magari mengi ya Waswidi tayari yalikuwa na usukani wa kushoto, kwa hiyo upande huo hawakuwa na shida kubwa. Ila taa za mbele ilibidi zibadilishwe nchi nzima, kwa sababu zilikuwa zimekatwa kwa ajili ya barabara ya zamani. Usukani ulibaki, taa zikatoka. Sisi tumefanya kinyume: tunalalamikia usukani na kuzibembeleza taa. Hata Mwingereza anayevuka bahari kwenda kutembea Ufaransa kwa wiki moja hubandika vipande vya plastiki kwenye taa zake ili asiwapofushe wenyeji. Wiki moja. Gari letu linakaa hapa hadi liwe chuma chakavu.

Hoja nzito zaidi dhidi yangu ni ya ubora, na sitaikwepa. Ni kweli kwamba taa za kuigwa, kwa wastani, si sawa na zile za kiwanda. Mwaka 2018 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima jambo hili. Taa mpya halisi zilirudisha mwanga wote. Taa mpya za kuigwa zilirudisha kati ya asilimia 83 na 90, na baadhi yao zilishindwa vipimo vya nguvu ya mwanga na vya kuelekezwa. Wauzaji wa Bel-Air wangeweza kuibandika karatasi hiyo ukutani.

Lakini isomeni yote. Kipimo hicho kilifanyika Marekani, ambako taa halisi na ya kuigwa zote zimekatwa kwa barabara ya kulia. Huko swali la ubora ndilo lililobaki, maana swali la upande limekwisha kujibiwa. Kwetu halijajibiwa. Tena kipimo kilekile kiligundua kwamba taa ambayo plastiki yake imezeeka na kupata ukungu wa njano hutoa asilimia 20 hivi tu ya mwanga wa taa mpya, na ukiisugua hupanda hadi 70 hivi. Sasa niambie, ile "ya Japani yenyewe" iliyokaa juani miaka kumi na tano, ikapanda meli, ikasuguliwa kwa dawa ya meno nyuma ya duka ili ing'ae mbele yako, iko wapi kwenye mizani hiyo? Haiko kwenye mia. Unalinganisha kopi mpya na jina la taa halisi, hulinganishi na taa yenyewe iliyo mikononi mwako.

Bora asilimia 85 ya mwanga mahali panapotakiwa kuliko asilimia 70 machoni mwa jirani.

Jibu la pili hutoka kwa mafundi, na hili linanisikitisha zaidi kwa sababu wengi wao wana mikono mizuri. Wanasema: tutaishusha kidogo, haitasumbua mtu. Kushusha taa kunaushusha mpaka wote. Ili ule mteremko wa kushoto utoke machoni mwa wenzako, itabidi uulaze mwanga mzima karibu na bampa, na hapo unaendesha ukiona hatua chache mbele. Kwenye mitaa ambako umeme wa SNEL umekatika na taa za barabarani ni nguzo tupu, hilo si suluhisho. Kubadilisha balbu nako hakusaidii. Balbu ya H4 ni ileile Nagoya na Lubumbashi; upande unaamuliwa na kioo, kiakisi na jinsi balbu ilivyokalishwa. Baadhi ya magari ya Ulaya yana kijiti kidogo ndani ya taa cha kuhamisha upande. Toyota zetu nyingi hazina.

Kisha kinakuja kichaa cha weupe. Dereva asiyeona ukingo wake hadhani kwamba taa imekatwa vibaya, anadhani haina nguvu. Anakwenda kununua balbu za LED zenye rangi ya buluu, anazichomeka kwenye taa iliyotengenezwa kwa balbu ya waya, na sasa kosa la Nagoya limeongezewa nguvu. Kiakisi kile kilipimwa kwa uzi mwembamba wa moto ulio mahali pake kamili. Chanzo cha mwanga kikiwa na umbo jingine, mwanga unatawanyika juu na pembeni. Ujerumani, ambako wanapenda magari kuliko sisi, haikuruhusu balbu za LED za kubadilishia hadi mwaka 2020, nazo kwa aina mahususi tu, kwenye magari yaliyoorodheshwa moja moja baada ya kupimwa. Hapa tunachomeka tu. Weupe wa mwanga unamdanganya anayeuangalia kutoka nje akaona ni ukali. Dereva, msimu wa kiangazi vumbi jekundu likiwa hewani, anaona ukuta wa ukungu mbele ya bampa lake.

Kwa hiyo ununue nini? Kwanza acha kuuliza "halisi au kopi." Uliza taa hii imekatwa kwa barabara ya upande gani. Na hapo kuna mtego ambao hata wauzaji waaminifu huingia. Ukimwambia gari lako lina usukani wa kulia, atakupa taa ya magari ya usukani wa kulia. Inaonekana ni sawa. Ni kosa. Taa haijali wewe umekaa wapi ndani ya gari, inajali gari liko upande gani wa barabara. Kampuni ya Depo ya Taiwan, kwa mfano, huandika LD kwenye namba za taa za magari ya usukani wa kushoto na RD kwa za usukani wa kulia. Mwenye Toyota ya Nagoya anayekaa Bel-Air anahitaji LD, ingawa usukani wake uko kulia. Mara nyingi taa zote mbili zina umbo moja na zinaingia mahali palepale, lakini linganisha masikio ya kufungia na soketi kabla hujalipa. Tafuta pia ndugu wa gari lako aliyeuzwa kwenye barabara za kulia: Vitz ya kwanza iliuzwa Ulaya kwa jina la Yaris, Harrier ya kwanza ikaitwa Lexus RX. Taa za ndugu hao zilitengenezwa kwa upande wetu.

Kwenye kioo cha taa iliyoidhinishwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa utaona herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi: 1 ni Ujerumani, 4 ni Uholanzi, 43 ni Japani. Chini yake angalia mshale. Ukiwa umesimama mbele ya taa ukiitazama, mshale mmoja unaoelekea mkono wako wa kulia maana yake ni taa ya barabara za kushoto. Irudishe. Mshale wenye ncha mbili unafaa pande zote, mradi taa imerekebishwa kwa upande wako. Kama kuna E na hakuna mshale, ni taa ya barabara za kulia, yaani yetu. Taa nyingi zilizotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hazina E kabisa, zina jina la kiwanda na namba tu. Na alama yoyote inaweza kughushiwa na mwenye kalibu na tamaa.

Ukuta hauwezi kughushiwa. Jioni, simamisha gari mahali tambarare, mita 5 kutoka ukuta wa lupango lako, uwashe mwanga mfupi. Ukiwa umekaa kwenye kiti, tazama mpaka wa mwanga ukutani. Ukilala kushoto na kupanda kulia, lala salama. Ukipanda kushoto, unawapofusha watu kila usiku, hata kama taa hizo ulizilipia zaidi kuliko mtu yeyote mtaani. Mpaka wenyewe uwe sentimita 5 hivi chini ya usawa wa katikati ya taa. Kazi hii haihitaji mashine wala ada.

Sitetei kila kopi. Zipo zilizotengenezwa kwa plastiki inayopata ukungu kabla ya mvua za pili, zisizo na alama yoyote, ambazo mpaka wake ukutani unafanana na yai lililopasuka. Hizo nazo zirudi zilikotoka. Ninachokataa ni ile heshima ya bure tunayoipa taa kwa sababu ya bandari ilikopakiwa.

Polisi wa barabarani anayesimamisha gari kwa taa moja isiyowaka amefanya kazi yake. Lakini zile mbili zinazowaka vibaya zinampita kila usiku bila swali, na zina madhara zaidi. Polisi atakayemwelekeza dereva aende na gari ukutani atakuwa amefanya jambo la maana zaidi kuliko faini mia. Nanyi wafanyabiashara mnaojaza makontena kwa ajili ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, mnajua kuagiza, agizeni LD. Wateja watabisha mwanzoni. Wapelekeni ukutani nao. Taa inayopanda kushoto haifai kuuzwa katika mji huu, hata kama imetoka kiwandani Japani jana asubuhi.