Steki ya Mbinga

Wenzangu wa uzamili wakisikia natoka Mbinga huuliza: steki nzuri iko wapi huko? Wanataka viti vya ngozi na kisu chenye meno, kama Masaki. Swali limekaa vibaya. Ng'ombe wapo, ila Umatengo ni nchi ya kahawa, ngoro na nguruwe. Nyama yetu ni kitimoto: unachagua pande mwenyewe, linapimwa kwa kilo, linakaangwa, linakuja na ndizi, limao na pilipili. (Ukishuka Mbamba Bay, ziwani, achana na nyama kabisa. Kula mbasa.)

Sasa tugombane. Mnabishana nani anajua kukaanga na nani anazidisha chumvi, wala hamuulizi kama mnyama alikaguliwa na nyama ikagongwa muhuri. Homa ya nguruwe ya Afrika haimwambukizi mtu, lakini haina tiba, na ikiingia kijijini inafagia banda zima kwa siku chache. Nguruwe yule ndiye ada ya mtoto kabla fedha ya kahawa haijalipwa. Mfugaji akiingiwa na hofu huwahi kuuza wagonjwa kwa bei ya kutupa, na wanunuzi wa uchochoroni wapo. Nyama hiyo, na mabaki yake yakilishwa nguruwe wengine, hubeba ugonjwa hadi banda la jirani. Anayesifia jiko la namna hiyo kwa sababu ni tamu na rahisi anamlipa anayeusambaza.

Kwangu jiko bora Mbinga ni lile ambalo ukiomba kuona muhuri, muuzaji anageuza pande bila kununa.