Mahindi ya Saboti, kura za Agosti: Siasa zilivyodhoofisha ghala la taifa

MAHINDI hupandwa Saboti mvua za masika zinaposhika, mwishoni mwa Machi au mapema Aprili, na huvunwa kuanzia Oktoba. Kwa miezi sita au saba mkulima wa Trans Nzoia hutoa fedha tu: za kulimiwa kwa trekta, za mbegu, za mbolea ya kupandia na ya kukuzia, za palizi, na hatimaye za vibarua wa kuvuna na magunia ya kutilia nafaka. Uchaguzi mkuu nao, kwa mujibu wa Katiba ya 2010, hufanyika Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, mahindi hayo yangali shambani. Anayetaka kuelewa kwa nini wakulima wa eneo lenye udongo na mvua kama hili hawainuki hana budi kuziweka kalenda hizi mbili sambamba.

Mwaka 2017 ni mfano mzuri. Ukame ulikuwa umepandisha bei ya pakiti ya unga ya kilo mbili hadi zaidi ya shilingi 150. Mwezi Mei, miezi mitatu kabla ya kura, serikali ya Rais Uhuru Kenyatta ilikuwa imekwisha kuondoa ushuru wa mahindi ya kigeni. Meli zikatia nanga Mombasa zikiwa na mahindi meupe kutoka Mexico, na unga ukauzwa kwa shilingi 90, tofauti ikilipwa na Hazina Kuu. Mkazi wa Kibera au Mathare alipata nafuu ya kweli, wala si haki kuibeza nafuu hiyo. Tatizo ni kwamba mlango uliofunguliwa kwa haraka ya kura haukufungwa kwa wakati wa mavuno. Mahindi ya mkulima yalipotoka shambani yalikuta nchi ina nafaka nyingine, iliyoingia bila ushuru.

Msimu huo Bodi ya Nafaka na Mazao (NCPB) ilikuwa ikinunua gunia la kilo 90 kwa shilingi 3,200, bei iliyopita ile ya soko. Pengo la namna hiyo ni chambo. Mwaka 2018 ilibainika kwamba wafanyabiashara walikuwa wamejaza maghala ya bodi kwa nafaka waliyoinunua kwa bei ya chini, wakajiita wakulima na kulipwa mamilioni, huku wakulima wenyewe wakilala kwenye foleni za matrekta nje ya maghala. Mkurugenzi mkuu wa bodi alijiuzulu Mei mwaka huo. Maelfu ya wakulima waliendelea kudai fedha zao, na badala ya kulipwa wakatakiwa kwanza wahakikiwe ili kuthibitisha kuwa kweli wanalima.

Pigo lililofuata halikuvuma sana nje ya Bonde la Ufa, lakini ndilo lililouma zaidi. Novemba 2018, mahindi yakiwa yamekwisha kuvunwa, serikali ilitangaza kwamba bei mpya ni shilingi 2,300 kwa gunia. Baada ya malalamiko ya wiki kadhaa ikapandishwa hadi 2,500 Januari 2019. Mkulima aliyepanda Aprili akihesabu 3,200 alikuwa amekwisha kutumia fedha za 3,200. Hakuna biashara duniani inayoweza kupangwa kwa namna hiyo, na benki inayomkopesha mkulima wa Saboti inalijua hilo kuliko waziri.

Miaka mitano baadaye mambo yalijirudia karibu neno kwa neno. Julai 2022 pakiti ya unga ilikuwa imepita shilingi 200. Wiki tatu hivi kabla ya kura ya Agosti 9, serikali ilitangaza kuwa itauzwa kwa shilingi 100. Mpango huo ulidumu takriban mwezi mmoja. Waliosema kwamba ulikuwa unga wa kampeni hawakuhitaji ushahidi zaidi ya tarehe zenyewe.

Hapana budi kukiri kwamba kilichofuata kilikuwa na mantiki bora. Rais William Ruto alipoingia madarakani Septemba 2022 aliacha kugharimia unga na kuelekeza fedha kwenye mbolea. Mfuko wa kilo 50 uliokuwa umepita shilingi 6,000, kwa sehemu kutokana na vita vya Ukraine, ukauzwa kwa 3,500, na mwaka 2023 kwa 2,500. Kumsaidia mkulima kabla ya kupanda ni afadhali mara nyingi kuliko kumsaidia mlaji baada ya njaa kuingia. Hata hivyo, sera nzuri ikipita katika mifereji ile ile hupokea uchafu ule ule. Katika msimu wa upanzi wa 2024 iligunduliwa kwamba baadhi ya mifuko iliyouzwa kupitia maghala ya NCPB, kwa jina la mbolea ya bei nafuu, haikuwa mbolea ya kufaa. Aliyeipanda hawezi kurudisha masika nyuma.

Bunge lilipiga kura mwezi Mei 2024 kumwondoa Waziri wa Kilimo, Mithika Linturi. Kamati teule ikamsafisha siku chache baadaye, ikisema madai hayakuthibitishwa. Alitoka Julai mwaka huo pamoja na karibu Baraza zima la Mawaziri, si kwa sababu ya mbolea bali kwa sababu vijana walikuwa wameijaza mitaa kupinga Mswada wa Fedha. Wenye kumbukumbu waliona sura ya mwaka 2009, wakati wa kashfa ya uagizaji na ugawaji wa mahindi ya akiba. Hoja ya kutokuwa na imani na Waziri wa Kilimo wa wakati huo ilianguka Bungeni mwezi Februari. Waziri huyo alikuwa William Ruto. Si lazima mtu amhukumu yeyote kati yao ili aione kasoro: katika miaka kumi na mitano wizara inayolisha taifa ilipitia kashfa tatu kubwa, na hasara ya zote tatu ilimwangukia mkulima na mlipa kodi.

Hali haikuwa hivi tangu awali. Kituo cha utafiti cha Kitale kilitoa mahindi chotara ya H611 mwaka 1964, na katika miaka iliyofuata mbegu za Kitale zikaenea nyanda za juu hata kwa mkulima wa ekari moja. Kampuni ya Mbegu ya Kenya ilianzishwa papo hapo mwaka 1956. Mwaka 1965 likaundwa Shirika la Maendeleo ya Kilimo (ADC), lililokabidhiwa mashamba makubwa yaliyoachwa na walowezi ili yazalishe mbegu na mifugo ya daraja la juu kwa faida ya nchi nzima. Utawala ulipoanza kutumia ardhi kama zawadi, mashamba ya ADC yalikuwa ya kwanza kumegwa. Tume ya Ndung'u, iliyokabidhi ripoti yake mwaka 2004, ilieleza jinsi ardhi ya umma, ya ADC ikiwemo, ilivyogawiwa watu wenye ukaribu na wakuu wa nchi. Mapendekezo yake mengi yamebaki kwenye makabati.

Ardhi iliyogawiwa kisiasa huzaa pia vita. Saboti na Endebess zilichomeka katika mapigano ya kikabila ya 1991 na 1992, siasa za vyama vingi zilipokuwa zikirejea. Mwaka 2006 mzozo wa muda mrefu kuhusu mpango wa makazi wa Chebyuk, katika Mlima Elgon, ulizaa kundi la Sabaot Land Defence Force, na kufikia mwanzoni mwa 2008 Kitale ilikuwa imejaa wakimbizi wa ndani, wa mlimani na wa machafuko ya uchaguzi. Anayekimbia hapandi.

Barabara ya kutoka Kitale kupitia Kiminini na Kamukuywa humfikisha msafiri Webuye, katika Kaunti ya Bungoma. Huko si bei ya mazao iliyoharibiwa na siasa bali viwanda. Kiwanda cha karatasi cha Pan African Paper Mills kilianza uzalishaji katikati ya miaka ya 1970, kwa ubia wa serikali, kundi la Birla la India na Shirika la Fedha la Kimataifa. Mji mzima uliishi kwa king'ora chake. Moshi wake ulitoboa mabati ya nyumba na kunuka mayai viza, na wenyeji waliulalamikia kwa miaka mingi. Uliponyamaza ndipo walipojua kwamba harufu ile ilikuwa ndiyo mshahara.

Kiwanda kilikuwa kimelelewa kwa ulinzi: kilipewa misitu ya umma na kukingwa dhidi ya washindani. Hata serikali ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu yake mwaka 1999, Panpaper ilikuwa miongoni mwa kampuni chache zilizoruhusiwa kuendelea. Soko lilipofunguka kwa karatasi za kigeni, mitambo ilikuwa imechakaa na madeni yamepanda. Mapema 2009 umeme ulikatwa kwa sababu ya deni na kiwanda kikawekwa chini ya mrasimu. Serikali ya muungano ya Rais Mwai Kibaki na Waziri Mkuu Raila Odinga ilimwaga fedha za umma kukifufua. Mitambo ikanguruma kwa muda mfupi, ikanyamaza tena. Mwaka 2016, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi, kikauzwa kwa kundi la Rai kwa shilingi milioni 900, bei iliyozua maswali mengi kwa kuwa mali yake ilikuwa imekadiriwa kuwa ya mabilioni. Kisha, Februari 2018, serikali hiyo hiyo iliyokuwa imesimamia uuzaji ikasimamisha ukataji miti katika misitu ya umma. Marufuku hiyo, iliyotangazwa kuwa ya siku 90, iliendelea hadi 2023. Kulinda misitu ni jambo jema. Kumuuzia mtu kiwanda kinachotegemea miti na kisha kuifunga misitu ni jambo linalohitaji maelezo, na maelezo hayo wakazi wa Webuye hawajapewa.

Kilomita chache kuelekea magharibi, Bukembe, kipo kiwanda cha sukari cha Nzoia, kilichoanza kusaga miwa mwaka 1978 na kumilikiwa na serikali karibu chote. Kisa chake ni kirefu lakini kiini chake ni kifupi. Viwanda vya sukari vya serikali vilikingwa dhidi ya sukari ya nchi za COMESA tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa ahadi kwamba vitarekebishwa na kubinafsishwa. Kinga hiyo iliongezwa muda tena na tena kwa zaidi ya miaka ishirini, na marekebisho hayakuja. Sababu si fumbo: kiwanda cha serikali ni ajira za kugawa, ni zabuni, ni jukwaa la kuahidi malipo ya malimbikizo kila msimu wa kampeni. Kukirekebisha ni kukipoteza. Wakati huo huo miwa huchukua mwaka mmoja na nusu au zaidi kukomaa, na mkulima aliyeivuna aliweza kungoja malipo yake muda mrefu kuliko huo. Mwaka 2023 usagaji ulisimamishwa kwa miezi kadhaa nchini kwa kuwa miwa michanga ilikuwa ikivunwa, na serikali ikaamua kufuta madeni ya viwanda vyake yaliyozidi shilingi bilioni 100. Mei 2025 Nzoia ilikodishwa kwa kampuni ya West Kenya kwa miaka 30, huku baadhi ya viongozi na wakulima wakilalamika kuwa hawakushirikishwa. West Kenya ni mali ya familia ya Rai. Hivyo, baada ya nusu karne ya kusema kwamba viwanda hivi ni vya wananchi, viwili vikubwa vya Bungoma vimeishia katika ukoo mmoja wa kibiashara. Huenda mwekezaji akafaulu pale serikali iliposhindwa. Lakini ushindani, ambao ndio ungempa mkulima bei, haukuwa sehemu ya mpango.

Kuna watakaosema kwamba haya ni ya kijimbo. Hesabu za taifa zinakataa. Karatasi isiyotengenezwa Webuye hununuliwa nje kwa dola. Sukari na mahindi vivyo hivyo. Madeni yaliyofutwa yalilipwa na mtu, naye ni mlipa kodi aliyeandamana Juni 2024. Na uongozi unapobadilika, uchumi husikia: mwaka 2002, mwisho wa utawala wa Rais Daniel arap Moi, uchumi wa Kenya ulikua kwa chini ya asilimia moja, mwaka 2007 ukuaji ulikaribia asilimia saba, na damu ya uchaguzi wa Desemba hiyo ikaurudisha chini mwaka uliofuata. Udongo na watu walikuwa wale wale.

Mageuzi yanayohitajika katika mahindi si makubwa wala ghali. Bei ya NCPB ingetangazwa Februari, kabla ya jembe kugusa ardhi. Uondoaji wa ushuru ungewekewa tarehe ya mwisho isiyovuka Septemba, na tarehe hiyo iheshimiwe. Mpaka wa Suam na wa Lwakhakha, unaopitisha mahindi ya Uganda kila mwaka, ungekuwa na kanuni zinazojulikana badala ya maagizo kama lile la Machi 2021, lililopiga marufuku mahindi ya Uganda na Tanzania na kulegezwa siku chache baadaye. Hakuna kati ya haya linaloweza kutangazwa kwa kishindo jukwaani.

Mahindi yanayopandwa Saboti katika masika ya 2027 yanakuwa shambani bado siku ya kura, Agosti 10. Desturi ya miaka iliyopita ikifuatwa, bei ya gunia itajulikana Oktoba au Novemba.