Miaka 12 ya Kiingereza yapimwa upya kwa saa 3

Si muda mrefu uliopita nilikuwa nimesimama katika kituo cha matatu mjini Ruiru, nikisubiri gari la kunirudisha Thika, nilipomwona msichana mmoja niliyepata kumfundisha Kiingereza katika shule ya upili. Kifuani alikuwa amekumbatia kitabu kinene cha mazoezi. Baada ya salamu nilimuuliza atokako. "Natoka kusomea Kiingereza, mwalimu," akanijibu huku akiinamisha uso, kana kwamba alikuwa amenikosea. Nilipigwa na butwaa. Msichana huyo alikuwa amepata gredi ya B+ katika somo hilo hilo kwenye mtihani wa KCSE.

Alinieleza kwamba chuo kimoja cha Uingereza kilikuwa tayari kumpokea, lakini wakala aliyemsaidia kujaza fomu alikuwa amemwambia kuwa pasipo mtihani wa IELTS safari haipo. Mamake alikuwa ameuza mtamba ili kulipia mtihani na masomo ya kujiandaa. Nilimuuliza swali moja tu: je, chuo chenyewe kimekuandikia hivyo? Hakujua. Jioni hiyo tulikiandikia chuo barua pepe, na baada ya siku chache jibu likaja kwamba gredi yake ya KCSE inatosha. Ada ilikuwa imekwisha kulipwa. Mtamba hakurudi zizini.

Ninasimulia kisa hiki kwa sababu sidhani kwamba ni cha msichana mmoja. Thika na Ruiru ni miji ya wanafunzi. Chuo Kikuu cha Mount Kenya kina makao yake Thika, na Chuo Kikuu cha Zetech kiko Ruiru. Vijana wanaotamani kuvuka bahari hawapungui, wala hawapungui wanaojitolea kuwavusha kwa malipo. Swali linalonikera kama mwalimu ni hili: ikiwa mtoto wa Kenya hufundishwa Kiingereza kwa miaka 12, na kufundishiwa kwa lugha hiyo takriban masomo yote, kwa nini atakiwe kuthibitisha upya kwamba anakijua, katika mtihani usiofika saa 3?

Historia ina kinaya chake. Wazee wetu walifanya mitihani ya shule za upili iliyosimamiwa na jopo la Chuo Kikuu cha Cambridge, na vyeti hivyo havikutiliwa shaka Uingereza. Mwaka 1980 tuliunda Baraza la Mitihani la Kenya, KNEC. Mwaka huo huo mtihani wa ELTS ulianzishwa huko Uingereza. Mwaka 1989 tulifanya KCSE kwa mara ya kwanza, na ni mwaka huo ELTS ilipogeuzwa kuwa IELTS, mtihani ambao Cambridge inaumiliki pamoja na British Council na kampuni ya IDP ya Australia. Sisemi kwamba moja lilizaa jingine. TOEFL ya Wamarekani, kwa mfano, ilianza mapema, mwaka 1964. Ninachosema ni kwamba tulipojitungia cheti chetu, kazi ya kukifanya kiaminike ughaibuni ilibaki mikononi mwetu, na kazi hiyo hatukuikamilisha.

Ni kweli kwamba upande wa pili nao una dosari zake. Serikali ya Uingereza ina orodha ya mataifa ambayo raia wake hawatakiwi kuthibitisha Kiingereza chao wanapoomba viza. Jamaica imo, Guyana imo, na hata Malta imo, ingawa wengi wa watu wake hulelewa kwa Kimalta. Hakuna hata taifa moja la Afrika. Aidha, matokeo ya IELTS na ya TOEFL hutambuliwa kwa miaka 2 pekee, kisha mhusika hurudi mwanzo na kulipa tena makumi ya maelfu ya shilingi, kana kwamba Kiingereza huchacha kama maziwa ya pakiti yatokayo kiwandani hapa Ruiru. Anayekwenda Ujerumani hana budi kupimwa Kijerumani, kwani hakukisoma tangu darasa la kwanza. Lakini huyu wa Kiingereza?

Hata hivyo, ndugu msomaji, tukiishia kulaumu wageni tutakuwa tumejidanganya. Hebu tuutazame mtihani wetu wenyewe. Karatasi ya kwanza ya Kiingereza katika KCSE ina sehemu ya stadi za mazungumzo. Mtahiniwa huulizwa neno lipi hutamkwa sawa na jingine, au angesema nini katika mazungumzo fulani, naye hujibu kwa kalamu. Hafungui kinywa. Hakuna kanda anayosikilizishwa. Twapima usemi wa mtoto kwa mwandiko wake! Katika IELTS, mtahiniwa huketi na mtahini wakazungumza kwa dakika 11 hadi 14, na husikiliza mazungumzo yaliyorekodiwa kwa muda wa nusu saa hivi. Afisa wa chuo cha ng'ambo akiuliza kama cheti chetu kinaonyesha kwamba mwanafunzi aweza kufuata mhadhara na kuuliza swali, jibu la haki ni kwamba hakionyeshi.

Mwaka 2022 aliyekuwa Waziri wa Afya, Bw Mutahi Kagwe, aliishtua nchi aliposema kwamba kati ya wauguzi 300 waliokuwa wameteuliwa kwenda kufanya kazi Uingereza, ni 10 tu waliofaulu mtihani wa Kiingereza. Wengi walicheka, na wengine wakakasirika. Wauguzi hao walikuwa wamesomea taaluma yao kwa Kiingereza na kuandika ripoti za wagonjwa kwa Kiingereza. Mimi sikuona kwamba hawakuijua lugha. Niliona watu wazima waliofunzwa kwa miaka mingi kujibu maswali ya aina moja, wakaketishwa ghafla mbele ya maswali ya aina nyingine, tena ya kusikiliza na kusema, mambo ambayo hatukuwazoeza darasani.

Kwa pengo hilo ndipo walanguzi wa elimu hupenya. Yapo madarasa ambamo vijana hufundishwa kuzungumzia puani, kwa imani kwamba mtahini atawapa alama wakimwiga Mwingereza. Huo ni udanganyifu. Katika IELTS, mzungumzaji hupimwa kwa ufasaha na mtiririko wa mawazo, upana wa msamiati, sarufi, na matamshi yanayoeleweka. Lafudhi ya Thika si kosa. Mtoto anayekazana kuficha kwao hutamka maneno kwa woga, na woga huo ndio unaomharibia mtiririko.

Basi tufanyeje? Kwa mwanafunzi, nasema kwanza kwamba kuuliza si ujinga. Vyuo vingi vya Uingereza hukubali gredi ya Kiingereza ya KCSE, vingine C, vingine B, na vyuo vinavyotambuliwa vina ruhusa ya kujiamulia jinsi ya kupima Kiingereza cha wanafunzi wa shahada. Vyuo kadhaa vya Marekani pia huwasamehe waliosoma kwa Kiingereza, na anayeomba shahada ya uzamili aweza kuulizia kama barua kutoka chuo chake cha hapa nchini itatosha. Usilipe ada yoyote kabla chuo chenyewe, wala si wakala, hakijakuandikia kinachotakiwa. Ikiwa mtihani ni lazima, ufanye karibu na wakati wa kutuma maombi, ili ile miaka 2 isipotee bure.

Kwa walimu wenzangu, tukiri kwamba vipindi vyetu hutawaliwa na sauti moja, nayo ni yetu. Mjadala, hotuba fupi na usimulizi havihitaji bajeti ya wizara. Hata darasa la wanafunzi 50 laweza kugawanywa katika makundi, kila mtoto akasema jambo kila wiki, akasikizwa na akasahihishwa bila kuaibishwa.

Lakini mzigo mkubwa ni wa KNEC na Wizara ya Elimu. KCSE ya mwisho ya mfumo wa 8-4-4 imepangiwa mwaka 2027, na baada yake kitakuja cheti kipya cha wanafunzi wa shule za upili za juu. Kila chuo cha ng'ambo kitalazimika kuamua upya kama kitakiamini au la. Nafasi ya namna hii hatukuwa nayo tangu 1989. Tukikiingizia cheti hicho mtihani halisi wa kusikiliza na kuzungumza, kisha tukaupeleka ufafanuzi wake kwa balozi na vyuo kabla ya darasa la kwanza kumaliza, tutawaepushia wazazi wengi gharama. Tukikaa kimya, hata ile gredi ya B iliyokuwa ikikubaliwa huenda ikaanza kutiliwa shaka, na madarasa ya jioni yakajaa maradufu.

Gharama itakuwepo, sikatai. Kumsikiliza kila mtahiniwa kwa dakika 10 kunahitaji watahini wengi na siku nyingi. Lakini gharama hiyo hata leo inalipwa, ila hulipwa na mama mmoja mmoja, mtamba mmoja mmoja. Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutuzwa. Msichana wangu alicheza kwao kwa miaka 12, na alipofika wakati wa tuzo, cheti tulichompa hakikutosha kumtetea mbele ya wakala wa mtaani.