Neno la Mwezi: "Sanction" ni Ruhusa au Adhabu?

Mwezi huu tunaangalia kitenzi cha Kiingereza, "sanction". Ukipita Custom asubuhi wakati wa habari, unaweza kukisikia kwenye redio za madukani. Wengi wetu tunakijua kama vikwazo tu, na hapo ndipo shida inaanza.

Mama mmoja alileta darasani barua kutoka shule ya mtoto wake. Iliandikwa kwamba uhamisho wa mtoto "has been sanctioned". Alikuwa amemweka mtoto nyumbani wiki nzima akidhani amefukuzwa. Kumbe uhamisho umekubaliwa! Siku tano za masomo zimekwenda bure.

Neno limetoka kwa Warumi. Walikuwa na kitenzi "sancire", yaani kufanya kitu kiwe kitakatifu, kisivunjwe. Ndugu yake ni "saint", mtakatifu. Halafu katika sheria zao kulikuwa na sehemu iliyoitwa "sanctio", inayotaja adhabu ya atakayevunja. Kwa hiyo tangu zamani kuipa sheria nguvu na kumchapa mvunjaji vilikaa nyumba moja. Waingereza walianza kukitumia kama kitenzi karne ya 18, maana ikiwa kuidhinisha. Kuadhibu kumeingia karne ya 20. Tusiwacheke, maana na sisi tuna "kuazima": nimeazima jembe kwa jirani, na jirani ameniazima jembe. Kitenzi ni kilekile.

Sasa utajuaje? Angalia kinachofanyiwa ni nini. Kikiwa ni jambo, kama safari, malipo au uhamisho, mara nyingi ni ruhusa. Akiwa ni mtu au nchi, ni adhabu. Machi 2015 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2206 kuhusu Sudan Kusini. Julai mwaka huo makamanda 6 wakawekwa kwenye orodha, 3 wa serikali na 3 wa upinzani: wasisafiri nje, na mali zao zizuiwe. Hao ni watu, basi ni adhabu. Na ukiona "sanctions" yenye s mwishoni, kama jina, karibu kila mara ni vikwazo.

Jaribuni hizi nyumbani, watoto na wakubwa:

"The office sanctioned the trip."
"The office sanctioned the driver."

Nani anafunga mizigo, na nani ana matatizo? Majibu mlete darasani Jumamosi.