Goma: Wazee wenye mtoto wa jicho waelezwe dawa ya usingizi kabla ya kupasuliwa

Kambi zilizozunguka mji wa Goma zilipovunjwa mwezi wa pili 2025, kila familia ya wahami ilibeba ilichoweza. Mzee asiyeona kwa sababu ya mtoto wa jicho aliongozwa na mjukuu, na mjukuu wa namna hiyo mara nyingi haendi tena masomo, kwani ndiye macho ya mzee. Ugonjwa huu unatibika kwa kupasuliwa, kazi ambayo mara nyingi haimalizi nusu saa. Lakini wazee wanakimbia. Wanaogopa sindano ya jichoni, wanaogopa pia kulala bila kuamka.

Lawama ya kwanza ni ya wanaotakiwa kueleza na hawaelezi. Mzee anapangwa kwenye foleni, anapewa karatasi ya Kifaransa aweke kidole, kisha anafunikwa uso. Hii haikubaliki, maana jambo lenyewe linaelezeka vizuri kwa Kihunde, Kinande ao Kinyarwanda. Kwa wazee wengi inatosha kutia jicho ganzi: kwa matone, ao kwa sindano inayopita pembeni, haiingii ndani ya jicho lenyewe. Mzee anabaki macho, anasikia sauti ya munganga, anaona mwangaza, ila maumivu hayapo. Mwenye hofu kubwa anaweza kuongezewa dawa kidogo ya kutuliza. Kulalishwa kabisa ni kwa wachache, kama yule anayetetemeka mno ao aliyepotewa na akili kwa uzee hata hawezi kutulia.

Familia nazo hazijasalimika. Watoto wanasukuma: «Mumulalishe kabisa, asisikie kitu», kana kwamba usingizi mzito ndiyo heshima kwa mzazi. Katika mwili wa miaka 75 dawa hizo zinakawia kutoka. Pumzi inaweza kupungua. Mzee anaweza kuamka amechanganyikiwa, na usiku akaanguka akienda chooni. Aliyelala nusu anaweza kushtuka katikati ya kazi na kugeuza kichwa, chombo kikiwa ndani ya jicho. Ketamini nayo inapandisha presha na inaweza kuleta ndoto za kutisha. Kwa mtu aliyetoroka mabomu, hilo si jambo dogo.

Hospitali inayompa mzee dawa ya kutuliza bila mtu wa kuangalia pumzi yake, bila kile kifaa kidogo kinachobanwa kwenye kidole na bila oksijeni karibu, inacheza na maisha yake. Kisingizio cha kukosa vifaa kimezoeleka. Basi pasipo na vifaa, itumike ganzi peke yake.

Wanaopanga kampeni za macho wanasahau pia kitambaa kinachofunika uso. Kwa mhami kinaweza kurudisha usiku wa kujificha. Kumtayarisha mzee hakuhitaji dola: aambiwe mapema, aachiwe nafasi ya hewa, na muuguzi amshike mkono ili aufinye akitaka kukohoa. Anayekohoa bila kukoma ao asiyeweza kulala chali, atibiwe hilo kwanza.

Kabla ya kidole kugusa karatasi, familia iulize: ni matone, sindano ao usingizi? Nani ataangalia pumzi? Asubuhi hiyo ale ao asile, na dawa zake za presha na sukari azinywe? Majibu yatolewe mbele ya mzee mwenyewe, kwa lugha anayoisikia.